Merikani Ilikofumwa: Namna ya Kuizunguka Lowell kwa Miguu na Kuielewa

Watu wa pwani waliijua merikani kabla ya kuijua Marekani. Kilikuwa kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito, kigumu mkononi, kilichoshuka Unguja kutoka katika merikebu za Salem, Massachusetts. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters, akaanza kazi Unguja. Merikebu zilileta nguo, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kitambaa kikitiwa nili kiliitwa kaniki. Kisipotiwa kilipanda bara hivyo hivyo na misafara, kikipimwa kwa mikono: mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti, na jora la merikani la yadi kama 30 lilitoa doti 7 na ushei. Mwanamke anayeomba doti ya kanga dukani leo bado anatumia hesabu ya soko lile.

Kitambaa kile kilitoka katika viwanda kadhaa vya New England, kwa hiyo anayekwenda kutafuta jengo moja lililofuma merikani yote halipati. Salem yenyewe ilikuwa na kiwanda chake, Naumkeag, kilichoanza kufuma mwaka 1847 kwa injini za mvuke kwa sababu mji hauna maporomoko. Lakini mfumo uliofanya nguo ya namna ile iwe nyingi na rahisi ulikomaa mji mmoja, Lowell, kilomita kama 40 kaskazini-magharibi mwa Boston. Hapo mifereji, kuta na mabweni bado yapo, na tangu 1978 sehemu kubwa ni hifadhi ya taifa yenye waongozaji. Wakenya wengi wanaishi Lowell siku hizi, wanavuka mifereji ile kila asubuhi wakienda kazini. Matembezi haya ni ya nusu siku, na mwendo wake haufiki kilomita 7.

Wageni wengi hushuka kwenye treni, huenda moja kwa moja Boott, kiwanda cha nguo ambacho sasa ni jumba la makumbusho, husikia mitambo ikinguruma, hupiga picha, huondoka. Wameona mwisho wa hadithi bila mwanzo. Kufuma ndiyo kazi inayoonekana, ila uliofanya mji huu uwe mji ni uuzaji wa maji. Ukifuata maji kwanza, kila jengo litakueleza kwa nini limekaa pale lilipokaa.

Anzia juu, kwenye maporomoko

Kituo cha wageni kiko Market Mills, mtaa wa Market, katika jengo ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha mazulia. Chukua ramani ya mifereji, kisha usianze kuzunguka hapo. Majira ya joto kuna boti ya hifadhi inayopanda mfereji wa Pawtucket hadi Guard Locks, malango ya kuzuia maji penye mlango wa mfereji. Boti hizo ni za msimu na nafasi hujaa, kwa hiyo uliza kabla ya kusafiri. Kama hazipo, tembea kuelekea magharibi hadi mto Merrimack, kilomita mbili na kidogo.

Hapo mto unaanguka futi kama 30, yaani mita 9, katika mwendo mfupi wa mawe. Mfereji wa Pawtucket ulifunguliwa mwaka 1796, na haukuwa na uhusiano wowote na nguo: ulichimbwa ili mbao na mizigo vipite pembeni mwa maporomoko. Biashara hiyo haikunawiri. Mwaka 1821 wafanyabiashara wa Boston, akiwemo Nathan Appleton na Patrick Tracy Jackson, walianza kununua hisa za mfereji pamoja na mashamba yaliyouzunguka. Walikuwa na kiwanda Waltham, karibu na Boston, tangu 1814, cha kwanza Marekani kuingiza pamba mbichi upande mmoja na kutoa nguo upande wa pili, mashine zote zikiendeshwa kwa maji chini ya paa moja. Mwanzilishi wake, Francis Cabot Lowell, alizuru viwanda vya Uingereza akarudi na umbo la mitambo kichwani, kwa kuwa michoro ilikuwa marufuku kutolewa nje. Fundi Paul Moody ndiye aliyeigeuza kumbukumbu hiyo kuwa chuma na mbao. Lowell alifariki 1817, hakuwahi kuuona mji uliopewa jina lake. Mto wa Waltham ulikuwa mdogo, hauna nguvu za kuongeza vinu, na ndiyo maana wenzake walihamia hapa.

Wachimbaji wa mifereji walikuwa Waayalandi. Hugh Cummiskey aliwaongoza watu 30 kwa miguu kutoka Charlestown mwaka 1822. Walichimba kwa sururu, koleo na baruti.

Kwenye Guard Locks tafuta kibanda kikubwa cha mbao juu ya mfereji. Ndani yake linaning'inia lango la magogo ya msonobari, kubwa kama ukuta wa nyumba, lililojengwa mwaka 1850 kwa amri ya mhandisi James B. Francis. Watu wa mji waliliita upuuzi wa Francis, kwa sababu mafuriko aliyoyahofia hayakuwa yamewahi kuonekana. Miaka miwili baadaye mto ulifurika, chuma kilichoshikilia lango kikakatwa, lango likashuka na mji ukapona. Lilishushwa tena 1936. Huhitaji muda mrefu hapa, lakini litazame: lango hili ndilo linaloeleza kwamba maji yaliyoulisha mji yangeweza kuufuta kwa usiku mmoja.

Ngazi mbili za maji

Sasa shuka na maji. Hapa ndipo maelezo mengi huwapotea watu, nayo si magumu ukishajua namba tatu: 30, 13 na 17.

Anguko lote ni futi 30. Wahandisi waliligawa mara mbili. Mifereji ya juu huacha maji yashuke futi 13 ndani ya kiwanda, yakazungusha gurudumu, yakatokea kwenye mfereji wa chini. Mfereji wa chini huyapeleka kiwanda kingine, yakashuka futi 17 zilizobaki, ndipo yakarudi mtoni. Maji yale yale yanafanya kazi mara mbili. Mfereji wa Merrimack wa mwaka 1823 ndio uliotumia anguko zima la futi 30 kwa mpigo, ukilisha kiwanda cha kwanza na kilichopendelewa kuliko vyote. Ukisimama Swamp Locks, malango mengine ya maji kwenye mfereji wa Pawtucket, utaona kwa macho: upande huu maji yako juu, upande ule yako chini kwa urefu unaozidi watu wawili waliopandiana mabegani, na mifereji inatawanyika kama vidole.

Kampuni iliyomiliki mifereji iliuza maji kwa kipimo chake yenyewe. Kizio kimoja kilikuwa nguvu ya kinu kimoja, yaani maji yaliyotosha kuendesha spindeli 3,584 za kusokota pamoja na mashine zote za kuandaa pamba na kufuma zinazoandamana nazo. Namba hiyo haikutungwa: ndiyo idadi ya spindeli za kinu cha pili cha Waltham. Kwenye anguko la futi 30 kizio kimoja kilikuwa futi za ujazo 25 kwa sekunde. Kwenye futi 17 kilihitaji 45.5, na kwenye futi 13 kilihitaji 60.5. Ukizidisha utaona mantiki: anguko likipungua, maji lazima yaongezeke ili nguvu ikae palepale, na nyongeza kidogo inafidia hasara. Kwa vipimo vya leo kizio kimoja ni kama kilowati 63 kabla ya hasara za gurudumu. Mwenye kiwanda alinunua vizio kadhaa, akalipa kodi kila mwaka, na watu wa kampuni walikuja kupima kama hajiibii.

Maji yakawa hayatoshi. Mfereji wa Northern ulianza kuchimbwa 1846 kuleta maji zaidi, ukajengewa ukuta mkubwa wa mawe unaoutenga na mto. Kuna njia ya miguu juu yake, ambayo hufungwa sehemu ya mwaka. Ikiwa wazi, ipite, kwa sababu ni mahali pekee unapoona mto na mfereji kwa pamoja, mmoja ukipiga kelele chini na mwingine umetulia juu. Vilevile wenye viwanda walinunua haki za kudhibiti maziwa ya New Hampshire, likiwemo Winnipesaukee, ili wakati wa kiangazi wafungulie akiba. Wakulima wa kule hawakupenda. Mwaka 1859 baadhi yao walijaribu kulibomoa bwawa kwa mikono.

Gurudumu lililozama na turbaini iliyolirithi

Magurudumu ya kwanza yalikuwa ya mbao, mapana, yamekaa kwenye shimo chini ya kiwanda. Maji yaliingia usawa wa kifua cha gurudumu na uzito wake ukalisukuma chini. Yalifanya kazi vizuri hadi theluji ilipoyeyuka. Mto ukipanda, maji ya upande wa kutokea hupanda nayo, gurudumu linazama sehemu ya chini, na badala ya kusukumwa linaanza kukoroga. Kiwanda kinasimama huku mto umejaa tele. Hilo liliwasumbua kila mwaka.

Turbaini ilimaliza tatizo hilo kwa sababu inafanya kazi ikiwa imezama kabisa. Uriah Boyden alifunga ya kwanza ya Lowell kwenye kiwanda cha Appleton mwaka 1844. Katika turbaini yake maji yaliingia katikati yakatoka nje. Francis aliigeuza: maji yaingie kutoka pembeni kuelekea katikati, yakipitia mabawa yaliyopindwa, na kipimo cha mabawa hayo akakipata kwa majaribio na hesabu badala ya kubahatisha. Turbaini ya namna hiyo bado inaitwa Francis. Zile 9 za bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, kila moja megawati 235, ni za Francis. Za Kidatu pia. Kituo cha Suffolk Mill kina turbaini inayozunguka kweli, na mwongozaji akifungua maji utaona mkanda unavyopeleka nguvu hadi mtambo wa kufumia. Hakifunguliwi kila siku, lakini kama kuna ziara ya huko, iweke mbele ya Boott.

Mkanda wenyewe una maana. Waingereza walipandisha nguvu ghorofani kwa shafti za chuma zilizosimama na gia. Hapa chuma kilikuwa ghali na mafundi wa kuchonga gia hawakuwa wengi. Moody akaanza kutumia mikanda mipana ya ngozi mwaka 1828. Mkanda haupigi kelele kama gia, ukikatika unashonwa, na mashine ikikwama mkanda huteleza badala ya kuvunja meno. Hasara yake ni kwamba hujinyoosha, na nywele au mkono ukishikwa haukuachi.

Kusoma ukuta

Ukifika Boott, kando ya mfereji wa Eastern, simama uani kabla ya kukata tikiti. Kiwanda kiliandikishwa 1835, na majengo ya kwanza yalikuwa manne yaliyosimama mbalimbali, kila moja na paa lake la mgongo. Leo unaona ukuta mmoja mrefu wenye paa bapa. Tazama matofali. Kuna mahali rangi inabadilika kuanzia chini hadi juu kwa mstari ulionyooka, na safu za matofali hazikutani sawasawa: hapo ndipo nafasi kati ya jengo na jengo ilipozibwa. Ukipandisha macho, karibu na ghorofa ya juu unaweza kuona mahali ukuta ulipoongezwa ili paa la mgongo liondoke. Kiwanda kilikua kwa kujaza kila upenyo, kwa sababu hakuna kingine cha kusogeza: maji yapo pale tu.

Majengo ni membamba kwa sababu mwanga wa dirisha haufiki mbali. Ngazi ziko kwenye mnara uliotoka nje ya ukuta, ili moto ukiwaka usipande kupitia matundu ya ngazi. Sakafu ni mbao nene juu ya boriti kubwa, ambazo huungua polepole kuliko mbao nyingi nyembamba. Na mpangilio wa ndani ulifuata kazi: ghorofa ya chini pamba ilichanwa, ya pili ilisokotwa, za juu zilikuwa za kufumia. Juu ya mnara wa kengele kuna kionyeshaupepo chenye umbo la kile chombo cha mbao kinachobeba uzi wa mshindio, yaani uzi unaopita upande hadi upande wa kitambaa. Watu wengi huondoka wakidhani ni samaki.

Kengele na bweni

Ng'ambo ya uwanja liko bweni la Boott, ambalo sasa lina maonyesho ya wasichana wa kiwandani na wahamiaji. Usilipite haraka. Katika miaka ya 1830 na 1840 wafanyakazi wengi walikuwa mabinti wa mashamba ya New England, wengi wao wa umri wa ujana na miaka ya ishirini. Wazazi wasingewaachia waende mjini bila uangalizi, kwa hiyo kampuni zilijenga mabweni na kumweka mama mlezi, mara nyingi mjane. Vyumbani walilala wanne hadi wanane, wawili kitanda kimoja. Mlango ulifungwa saa nne usiku. Gharama ya chakula na malazi ilikatwa kwenye mshahara.

Siku ilikuwa ya saa kama 12 na nusu, siku sita kwa wiki. Katika ratiba za miaka ya 1850 kengele ya kwanza ililia saa kumi na nusu alfajiri. Aliyechelewa alikuta geti limefungwa. Mwaka 1834 ujira ulipopunguzwa walitoka nje wakaandamana, na mwaka 1836 wakagoma tena kampuni zilipopandisha malipo ya bweni. Harriet Hanson, mwenye miaka 11, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kutoka. Sarah Bagley aliongoza chama cha wafanyakazi wanawake kilichopeleka bungeni maombi ya siku ya saa 10. Bunge la Massachusetts lilisikiliza, likakataa. Sheria ya saa 10 kwa wanawake na watoto ilipita 1874, wakati ambapo mabinti wale walikuwa wamekwisha kuondoka na nafasi zao kushikwa na Waayalandi na Wakanada wa Kifaransa, kisha Wagiriki, Wapolandi na Wareno.

Chumba cha kufumia

Chukua vizibo vya masikio mlangoni, na uvivae kabla ya kuingia, usisubiri kuona kama unavihitaji. Chumba kina mitambo 88 ya kufumia ya kampuni ya Draper. Ni ya mapema karne ya 20, haikuguswa na wale mabinti wa 1840, na mwongozaji mzuri atakuambia hivyo. Kwa kawaida michache tu huendeshwa kwa wakati mmoja. Hiyo michache inatosha kuitikisa sakafu. Fikiria yote.

Chagua mtambo mmoja uutazame kwa dakika tano. Nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, zimetoka kwenye roli nyuma, zimepita kwenye matundu ya fremu mbili. Fremu moja inapanda, nyingine inashuka, pengo linafunguka, na kile chombo cha mshindio kinapigwa kwa rungu la mbao kuvuka pengo. Kisha chanuo linausukuma uzi mpya ubanane na kitambaa, fremu zinabadilishana, chombo kinapigwa kurudi. Kwa merikani hakuna zaidi ya hapo: uzi mmoja juu, mmoja chini. Pembeni utaona duara lililopangwa vijiti vya uzi kama risasi. Kijiti ndani ya chombo kikikaribia kwisha, mtambo unakitoa na kuingiza kipya bila kusimama. Kabla ya uvumbuzi huo mfumaji alibadilisha kwa mkono, na uzi aliupitisha kwenye tundu kwa kuufyonza kwa mdomo. Chombo kimoja kilipita midomo ya watu wengi, na kifua kikuu kikapita nacho.

Uzi mmoja wa mtande ukikatika, kuna kipande chembamba cha chuma kilichouning'inia. Kinaanguka na mtambo unasimama wenyewe. Uzi hukatika zaidi hewa ikiwa kavu, na ndiyo sababu madirisha yalifungwa hata wakati wa joto na hewa ikatiwa unyevu. Vumbi la pamba lilibaki humo humo na watu.

Pamba ilitoka wapi

Hii ni sehemu ambayo baadhi ya ziara za zamani ziliipita juu juu. Pamba ya Lowell ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini, na baadhi ya viwanda vilifuma nguo nzito ya bei ndogo iliyorudishwa huko huko kuwavika. Mwanasiasa Charles Sumner mwaka 1848 aliuita uhusiano huo muungano wa mabwana wa mjeledi na mabwana wa mitambo. Upande wa pili wa dunia, nguo ya pamba hiyo ilinunua pembe za ndovu zilizobebwa hadi pwani mabegani mwa watu, na si wote waliokuwa huru. Uliza jambo hili kwenye ziara kama halitajwi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliikata pamba, viwanda vikauza akiba badala ya kuifuma na maelfu wakakosa kazi. Unguja, merikani ya kweli ikaadimika, na viwanda vya Uingereza kisha vya Bombay vikachukua soko. Jina likabaki: kitambaa cha Bombay kiliuzwa kama merikani na hakuna aliyeona ajabu.

Mambo ya njiani

Treni ya kutoka North Station, Boston, huchukua dakika kama 45. Majira ya baridi njia za kando ya maji huganda na utelezi ni hatari, tena boti hazipo. Ukikuta mfereji umekaushwa kwa matengenezo, usikasirike, kwa kuwa ndipo unapoona msingi wa kuta na matundu ya kuingilia maji ambayo kwa kawaida yamezama. Usitafute jengo la kiwanda cha Merrimack, cha kwanza kuliko vyote, kwani lilibomolewa miaka ya 1960 pamoja na mabweni yake. Kilichobaki ni mfereji wake, na bustani ya Lucy Larcom kando yake, iliyopewa jina la mwandishi aliyeingia kiwandani akiwa na miaka 11.

Malizia nyuma ya Boott, kwenye njia ya ukingo wa mto. Angalia chini ya ukuta: kuna matao ya mawe yanayotazama Merrimack. Humo ndimo maji yalimotoka baada ya kushuka futi zake 17 za mwisho.